Kasoro za Programu Ndani ya Mitambo: Funzo la LUKU kwa Kigoma



Mwaka 2024 wateja wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hapa Katubuka, Kigoma, kama wenzao nchi nzima, walitakiwa kuingiza kwenye mita safu za tarakimu za maboresho kabla ya tokeni ya umeme. Kilichokuwa kikirekebishwa ni kasoro ya tangu mfumo ulipobuniwa. Kila tokeni ya mfumo wa STS, unaotumiwa na TANESCO na mashirika mengi ya umeme duniani, hubeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, ambazo hubeba thamani 16,777,216 tu, na Novemba 24, 2024 ilikuwa inajaa na kurudi sifuri. Mita ambayo haijaboreshwa ingezikataa tokeni mpya kwa kuziona za zamani. Na lau hesabu ingeanza upya bila kubadili ufunguo wa siri wa mita, tokeni zilizokwisha kutumika zingeweza kukubaliwa tena. Hapo hitilafu ya hesabu ingekuwa mlango wa wizi.

Naomba tulitazame zoezi lile kwa makini. Mita hizo hazipokei marekebisho kutoka ofisini, kwa hiyo mama mwenye nyumba ndiye aliyefanya kazi ya fundi, kwa kidole chake. Iliwezekana kwa sababu kila mita ina namba yake kwenye kumbukumbu, na siku ya mwisho ilijulikana miaka kabla. Mitambo mingi haina hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Chukua vidhibiti vya pampu za maji, vile visanduku vinavyoamua pampu iwake au izime. Vingi huzungumza kwa Modbus, utaratibu wa mawasiliano wa mwaka 1979 ambao katika umbo lake la asili haumuulizi mtoa amri yeye ni nani. Ndani ya uzio, kwa waya mmoja, hilo halikuwa shida. Shida huanza siku kidhibiti kinapowekewa modemu yenye laini ya simu ili fundi akione akiwa mbali. Novemba 2023, mjini Aliquippa, Marekani, wavamizi walikiteka kidhibiti cha Unitronics kwenye kituo cha kusukuma maji. Vifaa vya aina hiyo vilitoka kiwandani na nywila 1111, na mamlaka za Marekani zilionya kwamba vilivyoshambuliwa vilikuwa wazi kwenye intaneti. Maji hayakukatika, kwa kuwa wafanyakazi walijua kuendesha pampu kwa mkono. Ujuzi huo nauthamini kuliko programu yoyote ya ulinzi.

Kuna pia kasoro zilizofichika zaidi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza udhaifu 19, walioupa jina Ripple20, ndani ya programu ya mtandao ya kampuni ya Treck, iliyokuwa imepachikwa kwenye vifaa vya watengenezaji wengi. Mnunuzi hakuwa na namna ya kujua imo.

Kigoma yetu inabadilika. Mkoa uliozoea majenereta ya dizeli umeingia kwenye gridi ya Taifa, na mradi wa Malagarasi umekusudiwa kutoa megawati 49.5. Mitambo ya namna hii huongozwa kwa kompyuta. Na kama ilivyo kwa pampu za maji, haizimwi ovyo ili irekebishwe programu wakati watu wamepanga madumu. Ndiyo maana marekebisho huahirishwa mwezi hadi mwezi.

Napendekeza kila kituo kiwe na daftari: kifaa gani, toleo gani la programu, nani aliweka nywila, laini ipi ya simu imechomekwa, nani ana ruhusa ya kuzima. Mkandarasi asikabidhi kazi kabla nywila za kiwandani hazijabadilishwa mbele ya fundi wetu, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Laini isiyo na mwenyewe ichomolewe. Tukio likitokea, litolewe taarifa TZ-CERT, kikosi cha taifa kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao, siku hiyohiyo. Na mara moja kila robo mwaka, mafundi wa zamu waendeshe pampu kwa mkono, kompyuta ikiwa imezimwa.