BUNDUKI NDANI YA GARI: NI NANI ATAKAYEJIBU?

(Mazungumzo kwa madereva, makondakta, utingo na wapakizi wa mizigo wa Migori na Homa Bay)



Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisema kwa kunong'ona tu, nalo ni bunduki na risasi zinazochukuliwa ndani ya magari. Hatukuja kuwafundisha habari za bunduki. Sisi ni watu wa usukani, wa mlango na wa mizigo. Lakini gari ndiyo karakana yetu, na kila kitu kilichomo ndani yake chaweza kuulizwa kwetu. Kwa hiyo yatupasa tujue sheria yasemaje kabla ya kuulizwa, si baada yake.

Tazameni njia zetu. Barabara kuu ya A1 yaanzia mpakani Isebania, na ng'ambo ya pili ni Sirari katika Tanzania. Yapita Migori, Awendo na Rongo, kisha Kisii na kuendelea mpaka Kisumu. Kutoka Rongo njia nyingine yashuka Homa Bay, na toka huko watu huenda Mbita. Upande wa ziwa kuna Muhuru Bay na Sori, ambako magunia ya omena hupakiwa. Upande wa Kuria, wizi wa ng'ombe wa kuvuka mpaka umekuwa taabu ya miaka mingi. Mahali kama hapa vizuizi vya polisi haviishi, na anayesimamishwa kwanza si mwenye mzigo. Ni dereva.

SHERIA YASEMA NINI

Sheria ya Bunduki ya Kenya ni Sura ya 114. Neno lake la kwanza ni hili: mtu haruhusiwi kununua, kupata wala kuwa na bunduki au risasi pasipo cheti. Cheti hutolewa kwa mtu mmoja, kwa jina lake, na kwa bunduki iliyotajwa humo. Si cheti cha nyumba, wala cha kampuni nzima, wala cha gari. Cheti cha tajiri wako hakikufuniki wewe. Na cheti kina siku yake ya mwisho. Kikiisha ni karatasi tu.

Msidhani kwamba bunduki ni ile nzima peke yake. Sheria yahesabu pia sehemu zake. Mtutu uliofunguliwa na kufungwa katika gazeti bado ni neno la korti. Bunduki ya kienyeji iliyotengenezwa kwa bomba la maji, ikiwa yaweza kutoa risasi na kuua, nayo ni bunduki. Na risasi peke yake, hata bila bunduki, yatosha kumpeleka mtu kizimbani. Adhabu yake huhesabiwa kwa miaka, wala si kwa miezi, na kwa silaha za namna ya kivita hukumu ni kali zaidi.

Sasa sikilizeni sana neno "kuwa na". Wengi hufikiri kwamba kitu kisipokuwa mfukoni mwangu basi si changu. Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, katika kifungu cha 4, yasema vingine. Mtu ahesabiwa kuwa na kitu hata kikiwa mkononi mwa mwingine, ikiwa yeye ajua. Ahesabiwa kuwa nacho hata kikiwa mahali pasipo pake, ikiwa amekiweka pale kwa faida yake au ya mtu mwingine. Tena, watu wawili au zaidi wakiwa pamoja, na mmoja wao akiwa na kitu huku wenzake wakijua na kukubali, wote wahesabiwa kuwa nacho.

Maana yake kwetu ni nini? Kondakta akificha mfuko chini ya kiti, na dereva akajua na kunyamaza kwa ajili ya shilingi mia tano, basi si mfuko wa kondakta tena. Ni wa wote wawili. Lakini upande wa pili nao ni kweli, na ni ngao yetu: asiyejua hana hatia, na ni juu ya Serikali kuthibitisha kwamba ulijua. Hapo ndipo hati ya mizigo huwa rafiki mkubwa kuliko wakili. Mwenye daftari lenye jina la mpelekaji, namba yake ya simu na alichosema kimo ndani, ana la kuonyesha. Asiye na daftari ana mdomo wake tu.

MAMBO YANAYOTUKUTA NJIANI

Kwanza, kifurushi kisicho na mwenyewe. Twajua sote desturi ya steji zetu. Mtu huleta sanduku, hutoa nauli ya mzigo, aandika namba ya simu juu yake, na kusema, "Atapokea mtu Rongo." Desturi hii yatusaidia sote, na hatutaki ife. Lakini kipokee kwa hati, na mpelekaji aonyeshe kitambulisho chake. Kama ni kizito kuliko kinavyoonekana, au mwenyewe akataa kusema kilichomo, au akupa malipo makubwa kuliko kawaida, mrudishie mzigo wake. Neno hili lawahusu ndugu zetu wa bodaboda pia, maana pikipiki ni gari mbele ya sheria.

Pili, abiria mwenye cheti. Wapo watu wenye bunduki kwa halali. Huyo akiingia garini, bunduki yake na ikae naye, mwilini mwake au mkononi mwake. Akikuambia, "Niwekee hii katika droo mpaka nishuke," jibu kwa adabu: "Mzee, sina ruhusa." Sheria yamlazimu yeye kuitunza salama wakati wote. Hawezi kukuazima kazi hiyo.

Tatu, askari. Magari ya kuchukua pesa za benki husindikizwa na polisi wenye silaha. Walinzi wa mbuga ya Ruma, pale Lambwe, na askari wa akiba wa Kuria nao hupanda magari ya abiria. Silaha hizo ni za Serikali, na wao watajibu kwa wakubwa wao. Lakini askari akishuka kunywa chai na kuacha bunduki kitini, msiilinde kana kwamba ni yenu. Mwiteni airudie mara moja. Ikipotea, watakaoulizwa kwanza ni wale waliobaki garini.

Nne, kuvuka mpaka. Cheti cha Kenya hakifuati gari hadi ng'ambo. Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi, ya mwaka 2015, na kuingiza bunduki kwahitaji kibali cha huko. Dereva wa lori anayebeba bunduki ya tajiri yake kutoka Migori mpaka Tarime aweza kuwa na kosa la nchi mbili kwa safari moja.

UKIIKUTA, UFANYEJE?

Usiiguse. Usiitupe porini, kwa maana atakayekuona utakuwa umemthibitishia kwamba ulijua na ulikuwa ukificha. Usimpelekee mwenyewe, hata kama wamjua. Simamisha gari mahali salama, waondoe abiria karibu, mwite mwenzako na abiria mmoja au wawili wawe mashahidi, kisha piga ripoti kwa kituo cha polisi kilicho karibu. Pokea namba ya OB na uiandike daftarini. Halafu arifu tawi la Chama. Safari itachelewa, na abiria watanung'unika. Kuchelewa saa mbili si sawa na kuchelewa miaka.

UKIKAMATWA

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, yakupa haki hizi. Uambiwe sababu ya kukamatwa kwako, upesi, kwa lugha unayoifahamu. Unyamaze ukitaka. Uonane na wakili. Usilazimishwe kukiri. Ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kupita, au kama muda huo waisha wakati korti imefungwa, basi siku ya korti inayofuata. Na uachiliwe kwa dhamana yenye masharti ya haki, isipokuwa pana sababu nzito.

Tena juu ya kukiri: maneno ya kukiri hayakubaliwi kortini ila yametolewa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi, ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, pamoja na mtu mwingine uliyemchagua mwenyewe. Basi usitie sahihi karatasi usiyoisoma, hata ukiambiwa kwamba ukitia utarudi nyumbani jioni.

NA KAZI YAKO JE?

Hapa ndipo panapowauma wengi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa tajiri nguvu ya kumfukuza papo hapo mfanyi kazi aliyekamatwa kwa kosa kubwa la kufungwa gerezani, ikiwa siku 14 zapita naye hajaachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali. Fahamuni vema. Si lazima uwe umehukumiwa. Yatosha uwe umekaa ndani kwa kukosa mdhamini. Mtu asiye na hatia aweza kushinda kesi na kukuta kiti chake kimekaliwa na mwingine. Kwa hiyo jambo la kwanza la tawi, siku ya kwanza, si maneno. Ni kutafuta dhamana.

Lakini sheria hiyo hiyo ina upande wetu. Yasema ni kosa kubwa kukataa amri iliyo halali na inayopasa kazi yako. Amri ya kubeba bunduki ya mtu mwingine pasipo ruhusa si amri halali, na kuikataa si utovu wa nidhamu. Tena, kifungu cha 41 chamtaka tajiri, kabla ya kukufukuza kwa kosa la mwenendo, akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, nawe ukiwa na mfanyi kazi mwenzako au mjumbe wa Chama uliyemchagua, na awasikilize. Ukifukuzwa bila haki, una miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi. Miezi mitatu ni mifupi. Usiimalize kwa kumbembeleza tajiri.

TUNAYOTAKA

Kwa wenye magari tuna madai manne, nayo si makubwa. Kila mzigo uwe na hati, na nakala moja ibaki na dereva. Dereva na kondakta wawe na haki ya kukataa mzigo wasioujua, wala wasikatwe mshahara kwa ajili hiyo. Mfanyi kazi akikamatwa kwa mzigo wa kazi, tajiri asaidie dhamana kabla ya siku 14. Na mshahara wake uende nyumbani kwake mpaka korti iseme.

Na kwetu wenyewe tuna dai moja: tusiuze safari zetu. Pesa ya kifurushi cha siri huliwa na mmoja, lakini bunduki ile ikifika, huua wengi. Ndugu yetu Tom Mboya, mtu wa Rusinga, aliyeongoza vyama vya wafanyi kazi wa nchi hii tangu 1953, alipigwa risasi barabarani Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kaburi lake liko kisiwani kwake, na magari yetu hupita njia hiyo kila siku. Watu wa Homa Bay hawahitaji kuambiwa risasi ni nini.

Basi daftari liwe garini kabla ya safari ya kesho. Makatibu wa matawi wanazo nakala za hati ya mizigo, na wataonyesha namna ya kuijaza kwa yeyote atakayeuliza. Asiyejua kusoma asione haya, mwenzake amwandikie.

Umoja ni nguvu.