Je, Mto Utawaletea Nini?

Ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, nanyi mnaojitayarisha kwenda shambani au kazini, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo twawaomba mfunge safari pamoja nasi kwa mawazo. Ule mstari wa ikweta tunaoujua, upitao Nanyuki na Maseno, ukiufuata kuelekea machweo utavuka Uganda, utaingia nchi ya Kongo, na mwisho utafika penye mto mkubwa uitwao Lualaba, kati ya Ubundu na Kisangani. Hapo maji hushuka kwa maporomoko saba ya Boyoma, na yakiisha kushuka huitwa Mto Kongo. Kulia ni msitu na kushoto ni msitu. Hapa na pale kando ya maji kuna kijiji: nyumba za udongo na fito, paa za majani, mitumbwi imefungwa ufukoni, na moshi wa samaki wanaokaushwa.

Tukiwapigia hodi watu wale watatukaribisha kwa Kiswahili. Si Kiswahili cha Mombasa, lakini tutaelewana. Je, lugha hii ilifikaje huko? Ilikwenda na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Hamed bin Muhammed wa Unguja, tumjuaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikuwa mkubwa wa biashara ile, na mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akamfanya liwali wa maporomoko hayo. Kisha watu wa Leopold wakawalazimisha wenyeji kuleta mpira wa msituni, na waliopungukiwa na kipimo walichapwa, wengine wakauawa au kukatwa mikono. Baadaye yakafuata magogo. Hatuyasemi haya ili kufukua makaburi. Twayasema kwa sababu tangu zamani mto ule umekuwa njia ya kutoa vitu, na wachache mno wameupanda wakiwa wanaleta kitu.

Watu wengi wakisikia habari za kijiji cha msituni hudhani ni watu wa njaa. La. Mwanamume huamka mapema akaangalie nyavu zake. Mama huenda shambani na kikapu mgongoni, ukanda wake ukiwa kwenye paji la uso, kama mama zetu wa pande za Mlima Kenya. Kuna mihogo, ambayo ile michungu huloweshwa siku kadhaa ili sumu itoke. Kuna ndizi, mpunga na mafuta ya mawese. Majani ya mihogo, ambayo wao huyaita sombe, hupikwa kwa mawese hayo. Majira ya viwavi yakifika, watoto kwa wazee huingia msituni kuvikusanya, na ni chakula kizuri. (Asicheke mtu wa Magharibi ambaye kumbikumbi wakiruka huacha kila kazi.)

Basi umaskini wao uko wapi? Uko katika bei. Mpunga na samaki vikiisha kuwa tayari, hungojwa chombo. Kwa vita vilivyoanza mwaka 1996 na kwa kukosa matengenezo, barabara nyingi za huko zimemezwa na msitu, na wafanyabiashara wamesukuma baiskeli zilizosheheni mizigo kwa mamia ya kilomita. Ile reli ya kilomita 125, iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko, kwa miaka mingi treni zake zimekuwa adimu. Hubaki mtumbwi, na zile mashua ndefu za mbao zenye injini. Mwenye mashua ndiye ataja bei, maana ajua kwamba samaki hawezi kumngoja mwingine. Njiani kuna vizuizi, na penye kila kizuizi mtu ataka chake. Mpunga hushuka kwa bei ya chini, nayo chumvi, sabuni na dawa hupanda kwa bei ya juu. Mkulima hulipia mto mara mbili.

Na liko jambo lisilongoja mashua. Mama ashikwapo na uchungu usiku, na mtoto amekaa vibaya, hospitali yenye daktari wa kupasua yaweza kuwa mwendo wa siku nzima kwa kasia. Huwekwa mtumbwini juu ya mkeka, mume akipiga kasia mbele na shemeji nyuma. Wengine hufika. Sisi tunaolalamika juu ya foleni ya zahanati tufikiri kidogo juu ya mtumbwi huo.

Twaweza kuuliza, je, mto ule utaleta mema lini? Lakini yapo yaliyokwisha kuletwa. Wako inzi wadogo waitwao usubi, ambao huzaana penye maji yaendayo kasi, na kwa kuuma kwao hupandikiza mnyoo ambao watoto wake huwasha ngozi na kupofusha macho. Hata Nyanza yetu ilikuwa nao, wakaangamizwa katika miaka ya 1940 na 1950. Kongo haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1987 kampuni iliyotengeneza dawa iitwayo ivermectin iliahidi kuitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huo, kwa muda wote itakapohitajika. Na tangu mpango ulioanza mwaka 1995, vijiji vyenyewe viliachiwa vichague watu wao wa kuigawa. Mgawaji ni jirani tu. Ana daftari, ana vidonge, na ana fimbo yenye alama: wewe wasimama kando ya fimbo, na urefu wako waonyesha umeze vidonge vingapi. Dawa haiui mnyoo mkubwa, ila watoto wake, kwa hiyo sharti imezwe kila mwaka kwa miaka mingi. Tena ziko sehemu za msitu ambako mnyoo mwingine, loa, huifanya dawa hiyo ilete madhara makali, na huko uangalifu mkubwa hutakiwa. Hata hivyo wako wengi ambao leo wanaona njia ya kisimani kwa sababu jirani alipita na fimbo.

Elimu nayo imesogea. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi iwe bure, na Septemba 2019 serikali ikaanza kulitimiza neno hilo. Watoto wakajaa madarasani. Lakini mwalimu wa kijijini, ili apate mshahara wake, mara nyingi husafiri siku kadhaa hadi mjini, na darasa humngojea. Na kwa habari ya msitu wenyewe, amri ya Agosti 2014 iliruhusu jamii ya mahali ipewe msitu wake hadi hekta 50,000, yaani zaidi ya ekari laki moja, bila kikomo cha miaka. Twaona hili ni jambo kubwa kuliko lilivyotangazwa, kwa maana mwenye hati aweza kumkatalia mwenye msumeno.

Ndugu, fungueni Kitabu cha Ezekieli, sura ya 47. Nabii aonyeshwa maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu. Yampata vifundoni, kisha magotini, kisha viunoni, na mwisho yawa mto usiovukika kwa miguu. Yaenda wapi maji hayo? Yashuka nyikani, hata bahari ya chumvi isiyo na uhai. Hatusomi kwamba watu wa nyikani walihamishwa wakapelekwa hekaluni. Maji ndiyo yaliyowafuata. Tena wavuvi waliobarikiwa pale wabaki kuwa wavuvi, watandaza nyavu zao, ila sasa samaki ni wengi.

Vijana wa Lualaba huenda Kisangani, kama wetu waendavyo Nairobi, wala hatuwalaumu. Lakini kijana aondokaye kwa kupenda si sawa na yule aondokaye kwa kuwa dada yake alifia mtumbwini.

Na tuombe.

Ee Bwana, twakuomba kwa ajili ya mwalimu aliye safarini kuufuata mshahara wake, arudi salama kwa wanafunzi wake. Twamwombea mgawaji wa dawa, daftari lake lisilowe kwa mvua. Na yule mama anayelazwa mtumbwini usiku huu, uwape nguvu wapiga kasia, na huko waendako umweke mkunga macho, na taa yake iwe na mafuta. Amina.