Mwenzetu alitoka senta, sisi tukamupokea na chupa

Maneno tuliyosema mbele ya vijana na wazazi, Bukavu



Mumezoea kutuona tukisimama juu ya maji, juu ya barabara, juu ya usalama. Leo tunasimama juu ya chupa. Na tutaanza na kosa letu wenyewe, juu hatuwezi kudai wakubwa waseme ukweli wakati sisi tunaficha ya kwetu.

Kati yetu kuko mwenzetu mumoja. Jina lake tunaliacha, ni lake. Alimaliza masomo pamoja na sisi, akapata lisansi, akaanza kutembeza dosie biro kwa biro. Mwaka wa kwanza alikuwa anakunywa siku ya mungu tu. Mwaka wa pili ikawa kanyanga kila magaribi. Mwaka wa tatu mikono ilikuwa inamutetemeka asubuhi mpaka apate sapilo ya kwanza. Sisi tulimupatia jina: "Mukubwa wa depo." Tukacheka.

Mama yake akauza mashini yake ya kushona, akamupeleka senta. Alikaa kule miezi 3. Alitoka amenona kidogo, macho meupe, anaongea polepole. Na sisi, kwa furaha yetu, tulifanya nini? Tulimufanyia karamu. Tukafungua chupa. Tukamuambia: "Moja tu, kamaradi, moja haiue mutu." Nyuma ya juma 2 alikuwa amerudi pale pale.

Hatukufanya kwa ubaya. Hatukujua. Ndiyo sababu tulienda kuuliza waganga, tukasoma, tukakaa na watu waliotoka mule. Haya ndiyo tuliyojifunza, na tunawapatia vile yalivyo.

Kwanza tuelewane: ni ugonjwa

Shirika la Afya la Dunia liliweka utumwa wa pombe na wa dawa za kulevya ndani ya orodha ya magonjwa. Hawakuuweka ndani ya orodha ya zambi wala ya ujinga. Ubongo unazoea kile kitu, unajipanga upya juu yake, na kikikosekana mwili wote unalia. Mutu anaweza kuwa na akili nyingi, anaweza kuwa amesoma sana, na bado asiweze kuacha peke yake. Kumuambia "acha tu" ni sawa na kumuambia mutu wa malaria "acha homa."

Hatua ya kwanza: kuona

Wataalamu wawili wa Marekani, Prochaska na DiClemente, walifuata watu waliokuwa wanaacha sigara, na mwaka 1983 wakaandika kama mutu haachi kwa siku moja. Kuko wakati haoni shida hata kidogo. Kuko wakati anaona, lakini anasema "kesho." Kuko wakati anajitayarisha, kisha anafanya, kisha anapigana juu ya kubakia pale alifika. Na watu wengi wanazunguka ile njia mara nyingi mbele ya kutoka.

Kwa sisi inamaanisha nini? Mutu akiwa bado hajaona, kumutukana hakumufungui macho. Kunamufundisha kujificha. Umuongeleshe asubuhi, akiwa hajalewa. Umuambie kile ulichoona, bila kuongeza: "Jana ulianguka mbele ya mutoto wako." Kisha unyamaze, umuachie nafasi ajibu.

Hatua ya pili: mwili kujisafisha

Hapa ndipo tunaomba musikilize sana, juu hapa watu wanakufa. Mutu aliyekunywa sana kila siku, kwa muda murefu, asiache kwa gafula akiwa peke yake nyumbani. Masaa machache nyuma ya chupa ya mwisho anaanza kutetemeka, jasho, moyo kupiga mbio, usingizi kukosa. Ndani ya siku 2 za kwanza anaweza kupata kifafa. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu ambavyo haviko, kupiga kelele usiku. Huko kwetu watu wanasema "wamemuloga," wanamufunga kamba, wanamufungia ndani ya chumba, wanamunyima chakula juu ya maombi. Ndugu, sala ni nzuri, lakini ile ni kazi ya hospitali. Munganga yuko na dawa za kutuliza ubongo polepole, na vitamini B1 ambayo pombe inamaliza mwilini. Zile siku zikipita salama, hatari kubwa ya mwili imepunguka.

Kwa wale wa tramadol ni tofauti kidogo. Wanaumwa mifupa, tumbo linaendesha, wanakuwa kama mutu wa grippe kali. Lakini hatari yao kubwa inakuja nyuma: mwili ukishakaa bila vile vidonge, unasahau kuvumilia. Mutu akirudilia kipimo chake cha zamani, kinaweza kumusimamisha pumzi. Wazazi, mulijue hili.

Hatua ya tatu: kujifunza kuishi

Watu mingi wanafikiri mwili ukisafika, mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ndani ya senta mugonjwa anaamuka saa moja ile ile, anakula saa ile ile, anafanya kazi ya mikono, anaongea na psikologu, anakaa na wengine wenye shida sawa na yake. Anajifunza kujiuliza: ni saa ngapi kiu inanikamata? Niko na nani? Nimetoka kusikia nini? Mwenzetu aligundua kwamba kwake kiu ilikuwa inakuja kila mara biro ingine ilimujibu "tutakuita." Haikuwa kiu ya pombe tu. Ilikuwa haya.

Ile ya kukaa pamoja iko na nguvu. Mwaka 1935, kule Akron, Marekani, watu wawili walevi, mumoja wao munganga, waliona kama kila mumoja akimusaidia mwenziwe, yeye mwenyewe anapita siku bila kunywa. Kutoka pale kukazaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous ambavyo viko leo duniani kote. Haikuomba jengo. Iliomba viti na watu wanaosema ukweli.

Hatua ya ine: kurudi nyumbani

Hii ndiyo hatua sisi tuliharibu. Mutu anatoka senta, anarudi kartie ile ile, kwa marafiki wale wale, bila kazi, na kanyanga inauzwa mulango wa tatu kutoka kwao, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko sahani ya bugali na sambaza. Kuanguka tena kunafikia watu mingi, sawa vile mugonjwa wa tansio anaweza kupanda tena akiacha dawa. Akianguka, haina maana matunzo yalikuwa bure. Inamaanisha matunzo yaendelee. Asirudi mwanzo kabisa. Arudi kwa wale waliomusaidia, haraka, bila haya.

Sasa tunaongea na wenye mamlaka

Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, haikunyamaza. Kifungu cha 42 kinasema serikali iko na lazima ya kulinda vijana na kila kitu kinachoharibu afya yao, masomo yao na maendeleo yao. Kifungu cha 47 kinahakikisha haki ya afya. Lakini tunaona nini? Mwaka 2021 Kinshasa yote iliongea juu ya bombé, ile unga inayochanganywa na kitu wanachotoa ndani ya bomba za moshi za magari. Polisi ilikamata vijana, ikawapanga mbele ya kamera. Kacho haitibu mutu. Inamutoa tu mbele ya macho yetu.

Hapa Bukavu tuko na SOSAME, Goma kuko Tulizo Letu, zote za Mafrère de la Charité. Tunawashukuru kwa kazi yao. Lakini Kivu ni kubwa, na mama haipaswi auze mashini yake ya kushona juu mutoto wake atibiwe.

Tunadai mambo 3. Kila zoni ya afya iwe na muforoma aliyefundishwa kupokea mutu anayeacha pombe, na dawa za zile siku za kwanza. Vichupa vya pombe kali visiuzwe karibu na masomo wala kwa watoto. Na kijana aliyekamatwa na kidonge mfukoni apelekwe kwa munganga mbele ya kupelekwa kacho.

Na sisi wenyewe

Hatutangoja serikali juu ya mambo yaliyo mikononi mwetu. Kutoka leo, mikutano yetu na sherehe zetu hazina pombe. Hatumuite tena mutu jina la ulevi wake. Kila magaribi ya siku ya ine, viti viko pale tunapokutana, kwa yeyote anayetaka kukaa na kuongea. Hakuna anayeandika jina lake.

Mwenzetu alirudi senta mara ya pili. Safari hii tulichanga sisi, mia tano mia tano, elfu elfu, mpaka ikatosha. Leo yuko mwezi wa 5. Tulimuuliza kama tunaweza kuongea juu yake, akakubali, lakini akakatala tumupigie makofi. Alisema: "Mimi sijamaliza. Niko leo tu."

Aliomba kitu kimoja: magaribi, mutu wa kutembea naye kutoka Nyawera mpaka kwao, juu kwa ile njia kuko depo 4. Tumepanga zamu. Juma hili ni yetu wa biro. Juma linalokuja kuko nafasi 2 bado hazina mutu.

Nani anachukua?