Sura za Wazee Wetu Nazo Zichapwe



Fulana mlizovaa leo zina sura ya Mwalimu Nyerere, iliyochapwa kwa skrini. Skrini ni fremu iliyowambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo sana. Kitambaa hupakwa dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Juu yake huwekwa picha nyeusi iliyo kwenye plastiki angavu, taa huwashwa, kisha kitambaa huoshwa. Palipokingwa na weusi wa picha dawa hutoka, na wino hupita hapo. Kila rangi ina skrini yake.

Mmarekani Andy Warhol ni miongoni mwa walioiingiza njia hii katika majumba ya sanaa. Mwaka 1985 alitoa picha 16 za malkia wanne: Elizabeth wa Uingereza, Beatrix wa Uholanzi, Margrethe wa Denmark na Ntombi wa Swaziland, ambayo leo ni Eswatini. Kila mmoja alipata picha nne. Malkia wa Kiafrika hakuwekwa pembeni.

Watoto wetu wanaijua sura ya Malkia Elizabeth kwenye sarafu na ya Mwalimu kwenye fulana. Ya bibi yao wanaiona kwenye simu, tena mtandao ukikwamakwama. Wodini nahudumia wagonjwa waliosahau mengi, na mara nyingi picha iliyo kando ya kitanda ndiyo inayowafanya wazungumze. Wazee wetu nao umri unakwenda.

Kwa hiyo vijana, mwaka huu kila mmoja amchape mzee mmoja. Muombeni ruhusa kwanza, na mkae naye awasimulie alikotoka.

Kuweni waangalifu na kitu kimoja. Kwenye skrini wino hupita au haupiti. Picha yenye giza ikigeuzwa haraka, uso wetu mweusi huwa doa tupu, macho na mdomo vikapotea. Mpigeni mzee picha karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Tumieni skrini tatu: ya rangi ya ngozi, ya vivuli na ya mistari. Na mikunjo ya uso msiifute, ni yake.

Skrini moja hutoa nakala nyingi. Moja ibaki hapa, nyingine ziende Tanga, Unguja au Muscat, kila walipo ndugu.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru!