Mvua Ikija, Shule Ni ya Nani?

Hotuba ya kamati ya maendeleo mbele ya wazazi, walimu na wazee wa vijiji vya uwanda wa Kano, kabla ya mvua za masika

  Wengine tunajua mmekuja moja kwa moja kutoka ziwani, mmevua omena usiku kucha na hamjalala. Mkisinzia hatutawauliza.

Tumeombwa tuseme juu ya shule na mvua. Tutajaribu kuwa wafupi, ingawa mnatujua.

Jamaa zetu walio Minnesota, na siku hizi si wachache, hutusimulia kwamba huko baridi ikizidi na theluji ikaziba barabara, shule za wilaya nzima hufungwa siku moja au mbili. Mzazi anaamka, anapata habari, mtoto anarudi kitandani. Theluji ikiondolewa, basi la shule linapita na masomo yanaendelea. Hapa kwetu habari hiyo huletwa na mto. Na mto ukifunga shule haufungi tu. Shule inageuka kuwa nyumba ya watu, na hapo ndipo penye maneno.

Nyando unatoka juu, huko milima ya Nandi na Kericho. Mvua inaweza kunyesha huko usiku kucha, nasi hapa Ahero tunaona nyota, kisha kesho yake maji yako mlangoni. Udongo wetu mweusi ukishalowa haunywi tena, na uwanda wetu ni tambarare kama meza, kwa hiyo maji yakifika hayana haraka ya kuondoka. Halafu kuna ziwa lenyewe. Mnamo Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964. Waliokuwa Dunga na Ogenya hawahitaji kuambiwa. Wazee hapa wanakumbuka mvua za 1961, na wengine wetu El Nino ya 1997 na 1998. Lakini tazameni hesabu ya hivi karibuni: mwisho wa 2019, masika ya 2020, vuli ya 2023, masika ya 2024. Zamani mzee aliweza kuhesabu mafuriko makubwa ya maisha yake kwa vidole vya mkono mmoja. Mtoto wa gredi ya sita leo anakaribia kuumaliza mkono huo.

Sasa sikilizeni tofauti ya 2020 na 2024, maana ndiyo iliyotuleta hapa.

Mwaka 2020 shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Maji yalipokuja, madarasa yalikuwa matupu. Familia zikaingia, zikakaa miezi, na hakuna aliyeulizwa unakaa wapi na unatoka lini. Mwaka 2024 mambo yalikuwa mengine. Muhula wa pili ulikuwa uanze tarehe 29 Aprili. Wizara ikausogeza hadi tarehe 6 Mei, tena watu wengi wakapata habari hiyo wakiwa wameshafunga sanduku la mtoto. Tarehe 3 Mei Rais akatangaza kwamba ufunguzi umeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Nchi nzima ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 200 katika mafuriko yale. Kisha shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei.

Zikafunguliwa, ndiyo. Lakini ndani ya madarasa kulikuwa na watu, na makwao kulikuwa na maji.

Tulifika katika shule moja upande huu wa mto siku zile. Jina lake tuliache. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama barazani na rejista mkononi, na nyanya mmoja ameketi mlangoni pa darasa la gredi ya tano na kuku wake wawili wamefungwa miguu. Mwalimu akamwambia kwa heshima, "Mama, watoto wamekuja." Naye akajibu, "Mwalimu, hata mimi nina watoto humu ndani, na wawili ni wanafunzi wako." Kila mmoja alikuwa na haki. Huwezi kumtoa mama mzee ukamrudishe kwenye matope, wala huwezi kumwambia mtoto anayengoja mtihani asubiri mpaka Nyando ukauke.

Kwingine tunajua jambo hilo liliisha vibaya. Watu waliamriwa watoke kwa siku moja, vitu vikarushwa nje, na maneno yaliyosemwa siku hiyo bado yanatembea kijijini. Katika shule tuliyofika sisi walikaa chini ya mwembe asubuhi nzima, wazazi, walimu, wazee na wale waliohama, wakagawana. Madarasa ya upande wa barabara yakabaki ya masomo, na ya upande wa chini yakawa ya familia. Mbuzi wakaondolewa kabisa, wakapelekwa kwa mzee mmoja mwenye boma mahali pa juu. Jiko likawekwa mbali na madirisha, maana moshi na hesabu havipatani. Uji wa watoto wa shule na wa watoto wa familia zile ukapikwa sufuria moja, kwa zamu, na kila nyumba isiyoguswa na maji ikaleta kikombe cha unga kwa juma. Watoto wadogo wakasomea nje asubuhi, kabla ya jua kali. Vijana wa bodaboda nao walibeba watoto bila nauli mpaka pale pikipiki ilipokataa.

Haya yote hayakuletwa na lori la mtu. Wazee wetu waliyajua kwa jina la saga: leo mnalima kwangu, kesho kwako, na mwenye shamba anapika. Wageni wenye unga na kamera nao walikuja, tukapokea unga na kushukuru, maana njaa haina kiburi. Lakini waliondoka kabla ya magari yao kupata matope, na mambo ya choo hawakuyauliza.

Na choo ndicho kilichokuwa shida kubwa. Tusione haya kulisema. Kipimo cha serikali ni mlango mmoja wa choo kwa wasichana 25, na mmoja kwa wavulana 30. Ni shule ngapi hapa zinafikia hapo hata wakati wa kiangazi? Sasa ongeza familia zilizohama na wagonjwa wao, kisha ujaze mashimo yale maji kutoka chini. Shimo likifurika, kilichomo kinaogelea mpaka kisimani, na kipindupindu hakihitaji mwaliko. Wasichana wakubwa wakikosa mahali pa siri hawalalamiki. Wananyamaza, kisha hawaji. Akina mama waliolala madarasani walituambia pia kwamba usiku walikuwa wakijizuia mpaka alfajiri, kwa sababu njia ya chooni haikuwa na taa.

Kwa hiyo tunasema choo kinachojengwa sasa kisichimbwe kwa mtindo wa zamani. Kiinuliwe juu ya udongo, kijengwe kwa mawe na saruji, kiwe na ngazi. Ni ghali zaidi, na fedha ya serikali haitatosha. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003 kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, baadaye zikawa 1,420. Gawanya hiyo kwa vitabu, chaki na matengenezo, uone kama itabaki ya saruji. Itabidi tuchange. Twajua neno harambee limechosha watu, kwa jinsi wakubwa walivyolitumia kujipatia kura. Lakini shule nyingi mlizosoma nyinyi wenyewe zilijengwa hivyo, na hazikuanguka.

Kisima nacho kina utaratibu wake. Maji ya mafuriko yakishuka, kisima kichotwe mpaka kikauke, kisafishwe, kitiwe klorini, kikae usiku mzima, kichotwe tena kabla ya mtu kunywa. Mpaka hapo ni kuchemsha au kutia dawa katika kila mtungi. Mhudumu wa afya wa kijiji atawaonyesha kipimo. Msikisie.

Jambo lingine ni vitabu na rejista. Kabati la ofisini lililo sakafuni ni chakula cha maji. Mafundi wetu watengeneze rafu juu karibu na dari, kwa mbao za kawaida tu. Rejista ikipotea, ndipo watoto hupotea nayo. Mtoto aliyehamia kwa shangazi yake Kondele au Nyamasaria akikosekana wiki mbili, nani atajua kama amehama au ameacha? Baada ya masika ya 2024 kuna waliorudi wakifukuzwa lango la shule kwa kukosa sare, na sare ilikuwa imekwenda na mto. Hilo hatulikubali. Twawaomba walimu wetu, na bodi ya usimamizi iandike katika kumbukumbu zake, kwamba mtoto wa mafuriko aingie darasani na nguo aliyo nayo.

Kuhusu mabwawa na matuta, tutaendelea kuuliza. Bwawa la Koru-Soin limezungumzwa miaka mingi, na wenzetu wa Budalang'i wanajua kwamba hata tuta la Nzoia lina siku yake ya kupasuka. Hayo ni ya serikali, na tutaandika barua tena. Ila barua haizuii maji ya Aprili.

Tuliloomba leo ni hili: kila shule ikubaliane sasa, ardhi ikiwa kavu na watu wana akili zao tulivu, madarasa yapi yatapokea watu na yapi hayataguswa, nani ana ufunguo usiku, mifugo itakwenda boma la nani, na familia zitaanza kurudi kwao baada ya nani kukagua. Iandikwe, isomwe kanisani, msikitini na barazani, ili mwenye kuhama ajue haki yake na mwalimu ajue yake.

Katibu ana daftari hapo mezani. Wazee wa vijiji, kabla hamjaondoka, andikeni nyumba zilizo sehemu za chini, na mwanzie zile za wajane na wasiojiweza kutembea. Kazi ya mtaro wa shule ni Jumamosi saa moja asubuhi. Majembe tunayo machache, makarai hatuna. Kila mtu aje na lake, na wenye gambuti wasiwaachie watoto.