Mafuriko Yamepita, Kazi Imebaki

  

Leo tutazungumza juu ya mafuriko. Lakini hatutazungumza juu ya siku ile maji yanapoingia. Tutazungumza juu ya siku ile maji yanapotoka. Siku ile mama anarudi nyumbani, anakuta matope yamefika dirishani, choo kimebomoka, mahindi yameloa, na kitabu cha kliniki cha mtoto hakionekani. Watu wengi hufikiri hatari imekwisha. La, akina mama. Watoto wengi huugua wakati huo, maji yakiwa yameshapungua.

Sisi Wakenya tunayajua mafuriko. Tuliyaona mwaka 2018. Tukayaona tena mwishoni mwa 2023, wakati wa mvua za El Niño. Kisha kati ya Machi na Mei 2024 mvua ikanyesha karibu nchi nzima. Ndugu zetu wa Tana River na Garissa wanakumbuka vizuri. Mto Tana ulivunja kingo zake, barabara ya Garissa ikakatika pale Madogo, na familia nyingi zikalala kwenye mahema. Mwezi Mei mwaka huo huo wagonjwa wa kipindupindu wakaripotiwa katika kaunti ya Tana River. Unaona jinsi mambo yanavyofuatana? Kwanza maji, halafu ugonjwa.

Sasa mama atauliza, "Mimi nifanye nini? Si hiyo ni kazi ya serikali?" Ni kweli, ni kazi ya serikali. Lakini serikali ya karibu nawe haiwezi kufanya kazi vizuri bila wewe. Haijui kuna watoto wangapi kwenye hema lile la mwisho. Haijui kisima kipi kimeingiwa na maji ya choo. Wewe unajua. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo leo tuangalie mambo mawili: kazi ya mama nyumbani, na kazi ya mama mbele ya viongozi.

Tuanze nyumbani.

Jambo la kwanza ni maji ya kunywa. Baada ya mafuriko, hesabu kila kisima na kila dimbwi kuwa ni chafu, hata kama maji yanaonekana meupe. Yaache maji yatulie, uyachuje kwa kitambaa safi, halafu uyachemshe mpaka yatokote kwa angalau dakika 1. Kama huna kuni za kutosha, tumia dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa au pakiti, na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Weka maji kwenye mtungi wenye kifuniko. Usiingize mkono wala kikombe kichafu.

Jambo la pili ni kuhara. Mtoto akianza kuhara, usimnyime maji wala chakula. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Mpe maji ya ORS kila anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Ikiwa huna pakiti ya ORS, chukua lita 1 ya maji safi, weka vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kilima. Uliza zahanati au mhudumu wa afya wa jamii akupe vidonge vya zinki. Mtoto hutumia zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mama wengi huacha siku ya tatu. Tafadhali usiache.

Mkimbize mtoto hospitalini haraka ukiona macho yameingia ndani, amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au choo kina damu. Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akihara choo cheupe kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Huenda hicho ni kipindupindu, na kinaweza kuua kwa saa chache. Mwanzishie ORS hapo hapo, na uendelee kumpa njiani.

Jambo la tatu ni chakula. Mahindi yaliyoloa yanauma sana kuyatupa, tunajua. Lakini mahindi yenye ukungu yana sumu inayoitwa aflatoxin, na sumu hiyo haitoki kwa kupika. Mwaka 2004 watu 125 walikufa huko Ukambani kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Usile, usimpe mtoto uji wake, na usimpe ng'ombe wala kuku.

Akina mama wa jamii za wafugaji, nanyi mkumbuke mvua kubwa ya mwishoni mwa 2006. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikaenea kwingine, na watu zaidi ya 150 wakafa nchini. Mifugo ikianza kuharibu mimba kwa wingi au kufa ovyo, usichinje, usile nyama hiyo, na usinywe maziwa mabichi. Mwambie afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Jambo la nne ni mbu. Madimbwi yanayobaki ndiyo nyumba ya mbu, na malaria huongezeka wiki chache baada ya mafuriko. Mtoto na mama mjamzito walale ndani ya chandarua, hata kama mnalala kwenye hema au darasani. Ukiwa na homa, upimwe.

Na wewe unayetumia dawa kila siku, za HIV, za kifua kikuu, za sukari au za presha, usikae kimya kwa sababu dawa zimechukuliwa na maji. Nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, hata kama si chako, ueleze. Mama mjamzito naye aende kliniki hata kama kitabu kimepotea. Mtoto aliyekosa chanjo apelekwe. Kitabu kipya kitaandikwa.

Sasa tuje kwenye kazi ya pili, kazi ya mama mbele ya viongozi.

Kwanza lazima tujue nani anafanya nini, tusije tukapeleka kilio mahali pasipo mwenyewe. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti 47. Katiba yetu ya 2010 imezipa kaunti kazi ya zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Imezipa pia kazi ya kukabiliana na majanga, na huduma za maji na usafi. Kwa hiyo zahanati ikijaa matope, anayehusika ni kaunti. Msimamizi wa wadi yuko hapo kwako kwa niaba ya kaunti. Mwakilishi wa wadi yuko kwenye bunge la kaunti. Chifu na naibu wake wako chini ya serikali ya kitaifa, na mara nyingi ndio wanaoandikisha watu wa kupewa msaada. Kitambulisho kilichopotea pia ni cha serikali ya kitaifa, anzia kwa chifu.

Pili, mhesabiwe. Haya ni mambo makubwa, akina mama. Msaada hufuata orodha. Asiye kwenye orodha hana blanketi, hana unga, na hana mahali pa kujenga. Na nani husahauliwa? Ni mjane. Ni mama ambaye mume wake yuko Nairobi kikazi, na jina lililoandikwa ni la mume. Ni mke wa pili, kwa sababu karani ameandika boma moja kumbe kuna majiko mawili. Ni bibi anayelea wajukuu. Ni mtu mwenye ulemavu ambaye hakuweza kufika barazani. Wanapoandikisha, mama asimame aseme, "Hapa kuna majiko mawili, andika yote mawili." Si ubishi huo. Kisha muombe orodha isomwe hadharani barazani. Ikisomwa mbele ya watu, jina la hewa litajulikana na jina lililosahauliwa litaongezwa.

Tatu, wekeni daftari. Chagueni mama mmoja anayeandika vizuri. Aandike mko familia ngapi, watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi, wajawazito wangapi, wazee wangapi, na wanaotumia dawa kila siku wangapi. Siri ya mgonjwa isiandikwe, idadi tu inatosha. Aandike vyoo vilivyobomoka na visima vilivyoharibika. Mpeni mhudumu wa afya wa jamii nakala moja, na msimamizi wa wadi nakala nyingine.

Kwa nini idadi? Sikilizeni hesabu hii. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada duniani ni angalau lita 15 za maji kwa mtu mmoja kila siku, na choo kimoja kwa watu 20. Tuseme kambini kuna familia 60, kila moja watu 6. Hao ni watu 360. Wanahitaji lita 5,400 za maji kila siku na vyoo 18. Basi mkiletewa tangi moja la lita 10,000 kwa wiki nzima, mnajua halitamaliza hata siku mbili. Ukimwambia kiongozi "maji hayatoshi," atasema amesikia. Ukimwambia "tuko 360, tunahitaji lita 5,400 kwa siku, na tunapata hizi," ataandika, naye atakuwa na la kusema kwa wakubwa wake.

Nne, fuateni pesa. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura kwa mambo yasiyotazamiwa kama haya. Lakini hazina hiyo haiwezi kujenga upya kila kitu. Zahanati mpya na visima vya kudumu hutoka kwenye bajeti. Na hapa kuna jambo wengi wetu hatulijui. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Yaani wakati ule ule mvua ya masika imetujaza maji, ndipo pesa za mwaka unaofuata zinagawanywa! Mkutano wa kukusanya maoni unaitwa, na sisi tuko kwenye mahema. Basi hata kama hamwezi kwenda nyote, tumeni akina mama wawili na lile daftari. Na kama mmekosa mkutano, sheria inamruhusu mwananchi kuandika ombi kwa bunge la kaunti. Karatasi moja yenye sahihi za watu inatosha kuanzia.

Tano, semeni mapema kuhusu kuhama. Baada ya kila mafuriko viongozi hutuambia tuhamie mahali pa juu. Ni ushauri mzuri. Lakini mwanamume anaweza kukubali kuhama na mama ndiye atakayeteka maji. Kama kule juu hakuna maji, hakuna zahanati, na shamba limebaki mtoni, mama atarudi chini, na mwaka mwingine atakutwa pale pale. Kwa hiyo mama aulize kwenye baraza: Maji tutateka wapi? Mtoto akiugua usiku tutampeleka wapi? Nani atatupa karatasi ya ardhi hiyo? Maswali haya yakijibiwa kabla ya kuhama, watu hukaa.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Msaada ni wa bure. Hakuna anayepaswa kukuuzia, kukuomba kitu kidogo, wala kukudai mwili wako au wa binti yako ili akuandike. Likitokea, si aibu yako. Piga simu ya bure 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 kwa mambo ya watoto. Aliyebakwa afike hospitalini haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia HIV na mimba. Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199.

Akina mama, tukumbushane basi. Nyumbani: chemsha maji, ORS na zinki kwa anayehara, tupa mahindi yenye ukungu, lala ndani ya chandarua, usikatize dawa wala kliniki. Barazani: hakikisha umeandikwa, orodha isomwe, daftari liwekwe, bajeti ifuatwe, na maswali ya kuhama yaulizwe.

Husemwa kwamba baada ya dhiki faraja. Ni kweli, lakini faraja ya mafuriko haiji yenyewe kama maji yanavyokuja yenyewe. Wiki hii, mwite jirani yako mmoja, nunueni daftari la kurasa 48, muanze kuandika kabla ya mvua ijayo.