Tunda Halisafishi Pombe: Hotuba kwa Wakazi wa Kangema



Pombe na matunda si jambo geni hapa. Tunda lililokaushwa la mti wa muratina ndilo huchachusha asali na maji, na kinywaji hicho huandaliwa kwenye ruracio. Siku hizi wapo wanaoloweka nanasi au matunda ya pasheni katika pombe kali nyumbani. Tunda hutoa ladha na rangi, lakini halisafishi pombe.

Hatari iko kwenye pombe yenyewe. Methanoli haionekani, wala ulimi hauwezi kuitambua, na utamu wa tunda huificha zaidi. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho na hata kuua. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe haramu.

Kwa hivyo anayeloweka matunda anunue pombe kwenye duka lenye leseni, akague nembo ya KEBS na stempu ya KRA. Asitumie chang'aa wala spiriti ya viwandani. Kutengeneza pombe ya kuuza bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Walio chini ya miaka 18 wasiuziwe wala kupewa.

Aliyekunywa akisema haoni vizuri, akitapika au akipumua kwa shida, msimwache alale hadi asubuhi mkidhani amelewa tu. Mpelekeni hospitali mara moja.